Joto la Mashine ya Baba Mkwe

Kompyuta nyingi nilizounda Tunduma niliziundia juu ya meza ya kukatia nyama. Bucha lilikuwa limefungwa, mwenye nyumba akanipangishia chumba pamoja na meza yake, na ingawa niliisugua kwa magadi na maji ya moto siku tatu mfululizo, jua la saa sita likishapiga bati, ubao ule ulirudisha harufu yake ya zamani. Nzi walikuja kukagua mazabodi, zile bodi kuu za kompyuta, wakaondoka bila kupata kitu. Nje ya mlango malori yalisimama foleni ya kuvuka mpaka, mengine siku nne, mengine wiki, na vumbi lao liliingia hata nilipofunga mlango.

Kazi hii sikuisomea. Shule niliacha kidato cha pili, si kwa kufukuzwa wala kwa kukosa ada. Niliona lori limesimama, utingo wake anaumwa, nikapanda. Baada ya hapo nilichimba dhahabu Galula, nikatengeneza redio Mbalizi, nikakaa mwaka mmoja Kapiri bila sababu ninayoweza kuieleza. Kila nilikokaa nilifungua kitu cha mtu nikaangalia ndani. Vingine nilivirudisha vikiwa vizima.

Tunduma nilikaa kuliko kote, na aliyenikalisha ni Mzambia mmoja wa ng'ambo ya pili, Nakonde. Alikuwa fundi umeme wa migodi ya shaba. Migodi ilipouzwa wakampunguza, akahamia mpakani kuuza vipuri vya kompyuta. Kila asubuhi alivuka kwa miguu na begi mgongoni. Prosesa, yaani moyo wa kompyuta, alizibeba ndani ya kijaluba cha sabuni alichokitandika sponji ya godoro, miguu ya dhahabu ikiwa imezama kwenye sponji isipinde. Aliniita fundi. Mimi nilimwita mukwai, neno la heshima la Kibemba, na kwa kuwa sikujua mengi zaidi ya hilo nilimwita hivyo hata tulipokuwa tunagombana.

Tuligombana karibu kila siku, na kila siku kwa jambo lile lile: prosesa ijayo itakuwaje. Madereva waliotoka kusini walituachia magazeti ya kompyuta yaliyochelewa miezi mitatu minne, kurasa zimenuka dizeli. Yeye Kiingereza alikijua vizuri, mimi nilikuwa na kamusi. Tulisoma mpaka matangazo. Enzi zile ubora wa prosesa ulipimwa kwa gigahezi, yaani inapiga mara ngapi kwa sekunde, kama mapigo ya moyo. Ilikuwa moja, baada ya muda mfupi ikawa mbili, ikapita tatu. Nilichukua mkaa nikachora mstari ukutani: chini mwaka, pembeni mapigo. Halafu nikachukua ubao ulionyooka nikaurefusha ule mstari kwenda mbele. Ulipanda ukavuka dirisha, ukafika kwenye papi za dari. Pale darini niliandika kumi.

"Kumi itafika lini?" nilimuuliza.

"Kabla mtoto wako hajaanza shule."

"Sina mtoto, mukwai."

"Basi una muda."

Tulicheka, lakini niliamini. Nilikuwa mtu ambaye hajawahi kujua atalala wapi mwezi ujao, na hapo ukutani palikuwa na kitu kinachojulikana kinakwenda wapi. Sikuwa na sauti yoyote katika kukipeleka. Watu waliokuwa wakiamua walikuwa mbali, nisingewaona maishani, wala wao wasingejua kwamba kuna mtu Tunduma anawafuatilia kwa mkaa. Hilo halikunisumbua wakati ule.

Mwaka huo nilimpata mchumba. Alikuwa karani kwenye ofisi ya watu wa kutoa mizigo forodhani, akaniletea mashine ya ofisi iliyokuwa imelala. Nilipoifungua alivuta kiti akakaa kuangalia, akauliza maswali mpaka nikasahau nilikuwa natafuta nini. Alikuwa Mndali wa Mbebe, kule milimani Ileje. Wazazi wake walikuwa wamehamia Vwawa kwa sababu baba yake alihitaji kuwa karibu na hospitali.

Huyo baba alikuwa mwalimu wa kwaya maisha yake yote. Alitunga nyimbo kwa Kindali, akaziandika kwa nota za do re mi kwenye madaftari, herufi za nota juu, maneno chini. Madaftari yalikaa kwenye sanduku la bati. Siku walipohama walifungua sanduku wakakuta mchwa wamepita chini, wamekula kuanzia katikati ya kila daftari, wameacha majalada na kingo. Nyimbo zilizobaki zilikuwa kichwani mwake. Na kichwa chenyewe kilikuwa kimeanza kuvuja. Alikwenda dukani akarudi bila kujua alitumwa nini. Alimwita binti yake kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Nyimbo bado alikuwa nazo, ila kwa sharti moja: aanze mwanzo, aimbe moja kwa moja hadi mwisho. Ukimkatiza, ilikuwa imekwisha. Mara nyingine aliweza kuanza upya, mara nyingine hakuweza.

Mama mkwe wangu alikuwa amepiga chapa ofisini miaka mingi. Mzee aliimba, yeye akaandika. Lakini mashine yake ya chapa ilikuwa inakwama herufi, na karatasi iliyokosewa haifutiki ikatazamika. Mchumba wangu aliponisimulia hayo nilimwambia nitawaundia kompyuta. Hakuniomba. Nilitaka kabla sijafika mbele ya wazee wake na barua ya posa, kiwe kimetangulia kitu kilichotoka mikononi mwangu.

Hapo ndipo ninapojilaumu kwanza. Rafuni nilikuwa na mashine ya zamani, nzima, yenye theluthi ya kasi ya zile mpya. Kuandika do re mi ingetosha na kubaki. Sikuitaka. Gazeti lilisema prosesa mpya ya kampuni ile kubwa, ambayo ilikuwa bado haijatoka, itakuwa na miguu ile ile ya iliyopo. Nikasema nitanunua mazabodi ya kisasa, nitaweka prosesa yenye kasi kuliko zote zilizofika mpakani, na ile ya kesho ikitoka nitachomoa hii nichomeke ile. Mashine ya mkwe iwe na nafasi ya kukua.

Mzambia aliigeuza geuza ile prosesa kwenye mwanga. "Hii inakula umeme kama taa kubwa ya nje," alisema. "Mzee anataka kuandika kwaya. Wewe unampa injini ya treni."

"Ijayo itaingia humu humu, mukwai."

"Ijayo nani ameiona?"

Dawa nyeupe ya kupitishia joto kati ya prosesa na bati la feni ilikuwa imetuishia, nikatumia dawa ya meno, nyeupe tupu isiyo na rangi rangi. Wengi tulifanya hivyo. Nikafunga kasha, nikapanda nalo basi dogo la Vwawa, limekaa mapajani kwangu kama mtoto mgonjwa.

Sasa lazima nieleze desturi, maana pasipo hiyo mtu hataelewa kwa nini mambo yalikwenda yalivyokwenda. Kwao, na kwetu Wanyiha si tofauti sana, mume wa binti na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Hawatazamani usoni, hawapishani njiani bila mmoja kuacha njia, hawaitani. Si chuki, ni heshima, na kadiri heshima ilivyo kubwa ndivyo umbali ulivyo mkubwa. Mwenye posa huanza kushika umbali huo hata kabla ya ndoa. Baba mkwe nilikaa naye barazani nikamwamkia, tukaongea. Mama mkwe nilimjua kwa kikohozi chake tu, na kwa kanga iliyokuwa ikitoweka upande wa pili wa nyumba nikitokea.

Kwa hiyo siku ya kupeleka mashine, yeye alikwenda kwa jirani. Niliingia, nikaunganisha kila kitu mezani sebuleni, nikaweka na stabilaiza kwa sababu umeme wa Vwawa ulipanda na kushuka. Nilimfundisha mchumba, naye angemfundisha mama yake. Barabara yao ilikuwa ya udongo na mbele kulikuwa na watu wanafyatua matofali. Nilipitisha kidole juu ya meza kikatoka chekundu.

"Vumbi ndilo adui," nilimwambia. "Mwambie mama aifunike."

Nilimaanisha ikiwa imezimwa. Nilidhani hilo halihitaji kusemwa.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa nzuri. Nilipata habari kwamba nyimbo saba zimeshaingia. Kisha mchumba akaja dukani amebeba uso ambao sikuuzoea. Mashine inazimika yenyewe, alisema. Inafanya kazi saa moja hivi, inalia kidogo, halafu kioo kinakuwa cheusi. Mama alikuwa na kawaida ya kuhifadhi wimbo ukishaisha, kwa sababu mzee akiimba yeye hakuthubutu kuondoa mikono kwenye vitufe hata mara moja. Ikizimika, wimbo mzima umekwenda.

"Nyimbo ngapi zimekwenda?"

"Mbili. Mmoja amerudia. Mwingine amekataa, anasema hajawahi kuutunga."

Nilikwenda Vwawa kesho yake. Mama alikuwa ameshatoka, sebule imefagiliwa, madirisha wazi. Niliiwasha nikakaa nayo kuanzia asubuhi mpaka saa kumi. Haikuzimika. Niliipa kazi nzito, nikafungua kila kilichofunguka, nikacheza mchezo wa magari. Ilikwenda kama maji. Nikasema ni umeme, nikabadilisha stabilaiza.

Baada ya siku nne ikazimika.

Nilirudi. Ikafanya kazi siku nzima. Nikabadilisha pawa saplai. Ikazimika. Nikabadilisha ramu. Nikafuta dawa ya meno, nikapaka dawa yenyewe, ambayo Mzambia aliiagiza Lusaka. Ikazimika. Kila nikifika ilikuwa inanitazama kama mtoto aliyepona ghafla mbele ya daktari. Baba mkwe alikuwa anakuja kusimama mlangoni kunitazama, mikono nyuma.

"Leo inaumwa nini, mwanangu?"

"Sijui, baba."

"Mimi pia sijui ninachoumwa," alisema, akacheka, na nikacheka kwa adabu. Kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilishamwambia asubuhi hiyo mara mbili. Nilimwambia tena.

Kwenye meza ya nyama tulikaa mimi na Mzambia kama waganga wawili wasioelewana. Yeye alisema prosesa yenyewe ni mbovu, watu wale wamelazimisha kasi kuliko uwezo wa kitu. Mimi nilisema mazabodi. Yeye akasema labda umeme wa kule unakuja na kelele zake. Nikamuuliza kwa nini haizimiki nikiwa mimi pale.

"Labda inakuogopa, fundi."

"Ningekuwa naogopwa na kitu chochote ningefurahi."

Wakati huo huo likaja gazeti. Mzambia aliliweka mbele yangu limefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe. Ile prosesa tuliyokuwa tunaingoja, ile ambayo ingekuwa na miguu ile ile, ilikuwa imefutwa. Wameiacha kabisa. Joto limewashinda: kila walipoongeza mapigo iliwaka zaidi, na hapakuwa tena na feni ya kuipoza. Sasa watarudi chini, wataweka mioyo miwili inayopiga taratibu badala ya mmoja unaokimbia. Na miguu itabadilika.

Nilisoma na kamusi, halafu nikasoma bila kamusi. Nilitazama ukutani. Mstari wangu ulikuwa umefika pale juu ya tatu, na kutoka hapo mpaka darini ulikuwa ni mkaa wangu tu na ubao ulionyooka. Sikuwa na mtu wa kumlalamikia. Watu wale hawakuniahidi kitu, hawakunijua, na nilichokijenga nimekijenga juu ya makisio ya gazeti lililochelewa.

"Tutachora mwingine," alisema Mzambia.

"Chora wewe."

Siku hiyo ilinijia kwamba mashine ya Vwawa inazimika kwa joto. Gazeti lilikuwa limeniambia. Prosesa zile zilikuwa na akili hiyo, zikipata moto kupita kiasi zinajizima zisiungue. Lakini joto la wapi? Vwawa ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba kule watu wanatembea na makoti saa nane mchana. Nilikuwa nimepima kwa mkono mara tano, kasha lilikuwa la uvuguvugu tu. Niliongeza feni ya pili ya nyuma. Nyimbo tatu nyingine zilipotea kabla mwezi haujaisha, na mchumba wangu akaacha kunihesabia.

Nilimuuliza wanaitumiaje. Wanaitumia kawaida. Wanaiweka wapi? Hapo hapo ulipoiweka. Nilimuuliza kila nilichofikiri cha kuuliza. Kumuuliza mama mwenyewe, aliyekaa mbele yake kila inapozimika, haikuwezekana, na kwenda kumwona akiwa anaitumia haikuwezekana zaidi. Mtu pekee aliyeiona ikifa na kuweza kukumbuka ndiye mtu pekee nisiyeweza kusema naye.

Alasiri moja ya mwezi wa saba nilipata lifti ya lori la mahindi lililokuwa linakwenda Mlowo, nikashuka Vwawa bila kutoa taarifa. Sikuwa na simu siku hiyo, nilikuwa nimeiacha Tunduma ikichajiwa. Nilikatiza nyuma ya nyumba kupitia shamba la mibuni. Nilitaka kumkuta mchumba jikoni, aniingizie habari ndani kwanza kama inavyopasa. Jiko lilikuwa tupu, ndoo haipo. Alikuwa bombani.

Nikamsikia mzee anaimba.

Sikuwahi kumsikia akiimba. Sauti ya kuongea ilikuwa imekauka, lakini ile ilikuwa ya mtu mwingine, nzito, haikimbilii mahali. Kindali nakielewa vipande. Ulikuwa wimbo wa ukungu unaoshuka bonde la kwao, na mtu anaita ng'ambo bila kumwona anayemwita. Kila ubeti ulirudi kwenye ule mwito, na kila uliporudi aliupandisha kidogo. Niliganda ukutani, karibu na dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa baridi. Pazia lilikuwa limeacha nafasi ya viganja viwili.

Nilitazama. Sikupaswa kutazama, nikatazama.

Mama mkwe alikuwa amekaa, amenipa mgongo, kanga imeshuka mabegani, nywele zake za mvi wazi. Vidole vilikuwa vinatembea bila yeye kuvitazama. Mzee alikuwa amesimama kando yake, kiganja kimoja juu ya kasha la kompyuta kama mtu anayeota moto, kingine kinapiga mizani hewani. Na kasha lenyewe sikuliona. Niliona kitambaa. Kitambaa cha kufuma cha sufu, cheupe chenye maua ya bluu, kizito, kimelifunika kasha lote juu, pembeni, mbele na nyuma, kimeshuka mpaka mezani, kimeachiwa tundu dogo tu la kubonyezea swichi. Sebule yote ilikuwa imevaa hivyo. Redio, viti, stuli, televisheni, kila kimoja na chake. Kila nilipokuja mimi vilikuwa havipo. Baadaye niliambiwa kwa nini: fundi anakuja, mikono ina grisi, toeni vitambaa visichafuke.

Nyumba niliyokulia ilikuwa hivyo hivyo. Mama yangu alifuma mpaka cha kufunikia mtungi. Sikuwahi kufikiri kwamba sebule isiyo na vitambaa ni sebule iliyovuliwa nguo kwa ajili yangu.

Ndipo nikaisikia feni. Mtu mwingine asingeisikia chini ya ile sauti, lakini mimi niliichagua mwenyewe, niliifunga mwenyewe. Ilikuwa inapanda. Inapanda kama mtu anayekimbia na mzigo kupandisha kilima. Nilijua imebakisha dakika, pengine mbili.

Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini sikuingia. Mlango ulikuwa hatua sita. Ningeingia ningemkuta kichwa wazi, ameketi na mumewe, na nisingekuwa na pa kuweka macho yangu wala uso wangu, na posa yangu ilikuwa haijajibiwa. Nikipiga kelele, nimpigie nani? Yeye sikuruhusiwa kumwita. Mzee nikimwita anakatika, na akikatika wimbo umekwenda vilevile. Nikibisha dirishani, ni yale yale. Kila njia niliyoiona ilikuwa inauvunja wimbo ule ule niliotaka kuuokoa, na ile njia nyingine, ya kunyamaza nikitumaini feni itahimili mpaka mwisho wa ubeti, ndiyo niliyoichukua. Hata sikuichukua. Nilisimama tu.

Mchumba wangu akatokea kwenye kona ya mibuni na ndoo kichwani. Nilimpungia mikono yote miwili. Nikamwonyesha dirisha, nikamwonyesha kichwa changu, nikafanya kama ninavua kofia. Aliachia mkono mmoja kwenye ndoo akanipungia, anatabasamu.

Ndani kompyuta ikalia mara moja, fupi. Mwanga uliokuwa usoni kwa mzee ukazima.

Aliendelea kuimba. Mistari miwili mitatu aliimba bila mwanga, kwa kuwa yeye hakuwa na habari na umeme. Kisha akaona vidole vya mkewe vimesimama, na yeye akasimama. Akamuuliza kwa Kindali amefika wapi. Hicho nilikielewa. Mkewe alimjibu kwa upole sana, akamwimbia mwito ule mara moja kwa sauti ndogo, kumpa mwanzo. Mzee akavuta pumzi, akaanza. Ulitoka wimbo mwingine, ule ambao watu wote wanaujua, wa Krismasi.

Nilimweleza mchumba wangu jikoni, kwa kunong'ona. Alinisikiliza ndoo ikiwa bado kichwani.

"Si ulisema tuifunike?"

"Nilisema."

"Mama alikifuma kwa ajili yako. Wiki mbili alikifuma. Alisema mkwe ametuambia vumbi ni adui."

Kitambaa kikatolewa. Mashine ile haikuzimika tena mpaka siku nilipoiondoa miaka mingi baadaye, nikaikuta ndani safi kuliko mashine zote nilizowahi kufungua. Lakini baridi ile ilipoisha, mzee alikuwa haanzi tena nyimbo mwenyewe. Zilizoingia ni ishirini na moja. Hakuna anayejua zilikuwa ngapi.

Mchumba alimsimulia mama yake yote, pamoja na mimi kusimama dirishani. Nilidhani posa imeishia hapo. Siku aliponiletea jibu alikuwa hanitazami.

"Mama anasema ungeingia tu."

Niliweka bisibisi chini.

"Anasema angejifunika kanga. Anasema kuna siku za kuingia."

Posa ilikubaliwa, na sikuondoka tena Tunduma, jambo ambalo lilimshangaza Mzambia kuliko lilivyonishangaza mimi. Tuliendelea kubishana. Zikaja prosesa za mioyo miwili, zikaja za minne. Mpaka ninapoandika haya kumi haijafika, na ukuta ule umepakwa chokaa na mtu aliyefungua tena bucha.

Wimbo wa ukungu tulijaribu kuurudisha mara moja, mwaka uliofuata, kabla mzee hajawa wa kitandani. Lilikuwa wazo la mke wangu. Mama alikumbuka maneno ya beti mbili, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimeyaandika, lakini alisema sauti, yaani jinsi nota zinavyopanda na kushuka, haikumkaa, alikuwa anakimbizana na herufi. Mimi maneno sikuwa nayo. Sauti nilikuwa nayo, ya mwito ule na ya ubeti mmoja uliotangulia, maana nilikuwa sina kazi nyingine pale dirishani ila kusikia. Nusu ilikuwa kwake, nusu kwangu, na hatukuweza kukaa pamoja.

Basi nilisimama nje, mahali pale pale, safari hii dirisha likiwa wazi na pazia limefungwa kabisa. Yeye alikaa ndani mbele ya mashine iliyovuliwa kitambaa. Mke wangu alikaa kwenye kizingiti cha mlango, katikati yetu, na mzee kando yake kwenye kiti, juani. Niliimba kwa mluzi kwanza, nikaona aibu, nikaimba kwa mdomo uliofumba. Ndani nilisikia kitufe kimoja, kingine, kisha kimya. Nikarudia. Kitufe kimoja.

Mzee aliinua kichwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kiganja chake kimeanza kupiga mizani juu ya goti.

"Hapo pa juu unashusha," aliniambia. "Pandisha. Imba tena."

Niliimba tena, nikapandisha.

"Ndiyo. Sasa sauti ya pili inaingia wapi?"

Nilimwambia sijui, baba. Aliningoja. Nyuma ya pazia sikusikia kitufe wala kikohozi, mama mkwe naye alikuwa anangoja. Mzee aliendelea kupiga mizani, taratibu, akinitazama kwa uvumilivu wa mtu aliyefundisha watu wengi wasiojua, na mimi nilisimama pale nimefungua mdomo.